Meli ya Walinzi wa Pwani, Inavyojengwa na Inavyofanya Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Meli ya walinzi wa pwani ina tofauti gani na manowari?

Manowari hujengwa ili ipigane. Meli ya walinzi wa pwani hujengwa ili ikae: ikae baharini siku nyingi, katika hali ya hewa iliyowafanya wengine wakimbilie bandarini, ikingoja jambo litokee. Jambo lenyewe huenda likawa mashua iliyozimikiwa injini, meli ya mizigo inayoungua, chombo cha magendo, au trola inayovua mahali isiporuhusiwa. Katika yote hayo, kazi huja kumaliziwa na boti ndogo ya watu 6 au 8 inayoshushwa kutoka ubavuni au nyuma ya meli. Ndiyo maana nikitazama meli mpya ya doria sianzi na mzinga ulio omoni, yaani mbele. Naenda kwanza tezini, yaani nyuma, nione boti inashukaje na inapandaje. Ukilishika hilo, maswali mengi yaliyo hapa chini utaanza kuyajibu mwenyewe.

Walinzi wa pwani ni wanajeshi au polisi?

Inategemea nchi. Marekani walinzi wa pwani ni tawi la majeshi, na papo hapo wana mamlaka ya kipolisi baharini. Norway ni sehemu ya jeshi la majini. Japani ni idara ya kiraia iliyo chini ya wizara inayoshughulikia ardhi, miundombinu na uchukuzi. Iceland haina jeshi la kudumu, kwa hiyo meli za walinzi wa pwani ndizo zinazobeba jukumu lote la baharini.

Kwa nini nyingi ni nyeupe na zina mstari wa mshazari ubavuni?

Mstari huo ulianza Marekani mwaka 1967, ukitokana na kazi ya ofisi ya msanifu Raymond Loewy, na nchi nyingi zikauiga kwa rangi zao. Wengi hudhani ni urembo tu, lakini una uzito wa kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu cha 111, unasema kwamba chombo kinachoruhusiwa kuikimbiza meli ya kigeni ni manowari, au chombo kingine chenye alama za wazi zinazokitambulisha kuwa kiko katika kazi ya serikali na kimepewa idhini hiyo. Nahodha anayefukuzwa asipate nafasi ya kusema mahakamani kwamba alidhani ni maharamia. Manowari hupakwa kijivu ili isionekane kwa urahisi. Hii hupakwa nyeupe ili ionekane kutoka mbali, na aliye katika shida aitambue.

Meli hizi zina ukubwa gani?

Tofauti ni kubwa mno. Boti za doria za Marekani za daraja la Sentinel, ambazo ya kwanza, Bernard C. Webber, ilianza kazi rasmi mwaka 2012, zina urefu wa mita 47, mabaharia 24, na chakula na mafuta ya siku 5 hivi. Bertholf, meli ya kwanza ya daraja la Legend, ina urefu wa mita 127 na inaweza kukaa baharini siku 60 na kusafiri maili za bahari 12,000. Teresa Magbanua ya Ufilipino, iliyojengwa Shimonoseki nchini Japani, ina mita 97. Jan Mayen ya Norway, inayofanya kazi katika bahari zenye barafu, ina mita 136.

Ukubwa hauchaguliwi kwa fahari. Unatokana na swali moja: mawimbi ya bahari itakayofanyia kazi yana urefu gani na yanafuatana kwa umbali gani? Chombo kifupi kwenye mawimbi marefu hupanda na kushuka kila wimbi, watu wakachoka siku ya pili, na mtu aliyechoka hawezi kuruka kutoka boti moja kwenda nyingine salama.

Ujenzi unaanzia wapi?

Unaanza na orodha ya kazi zitakazofanywa, kisha michoro, kisha kielelezo kidogo cha meli kinachokokotwa katika bwawa refu la majaribio ili kupima jinsi umbo linavyokata maji. Kwa kawaida shirika la ukaguzi wa meli, kama vile DNV au Lloyd's Register, huingia mapema na kukagua michoro, vyuma na maungo mpaka mwisho.

Siku ya kwanza ya kazi yenyewe ni ile ya kukata bamba la kwanza. Mashine inayoongozwa na kompyuta hupita juu ya bamba na kulikata kwa usahihi wa milimita. Zamani mafundi walianza na mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, wakasimamisha mataruma, mbavu zake, moja moja, kisha wakavika mabamba. Siku hizi meli hujengwa vipandevipande, kila kipande ukubwa wa nyumba, ndani ya karakana isiyonyeshewa mvua. Vipande vingi hujengwa vikiwa vimepinduliwa, sakafu juu na dari chini, kwa sababu mchomeleaji anayeinama huchomelea vizuri kuliko anayeinua mikono juu ya kichwa. Mabomba, njia za nyaya na viti vya mashine hufungwa humo humo kabla kipande hakijageuzwa na kreni na kuunganishwa na mwenzake. Kazi inayofanyika kwa saa moja karakanani inaweza kuchukua saa kadhaa meli ikishaelea, fundi anapojipenyeza kwenye kijia chembamba na taa ya kichwani.

Maungo hupimwa kwa mawimbi ya sauti na kwa eksirei. Likionekana tundu dogo la hewa ndani ya chuma, sehemu hiyo huchimbwa na kuchomelewa upya.

Kama mkuku hauwekwi tena kama zamani, sherehe ya kuweka mkuku ni ya nini?

Siku hizi inaadhimisha kipande cha kwanza kinapowekwa mahali meli itakapounganishwa. Marekani, msimamizi wa heshima wa meli huandika herufi za mwanzo za jina lake mwenyewe juu ya bamba, na mchomeleaji huzifuata kwa moto ili zibaki; bamba hilo husafiri na meli maisha yake yote. Kwingineko huwekwa sarafu chini ya kipande. Tarehe ya siku hiyo ina maana ya kisheria pia, kwa kuwa kanuni nyingi za kimataifa za usalama huangalia mkuku uliwekwa lini ili kujua meli iko chini ya sheria za mwaka gani.

Chuma au alumini?

Chuma ni kizito, kinavumilia kugongwa, na fundi wa kukitengeneza anapatikana karibu kila bandari. Alumini ni nyepesi, hivyo meli hukimbia kwa mafuta machache na haili kutu kama chuma, lakini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, wakati chuma huvumilia zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa chombo kitakachosogelea meli inayoungua, jambo hilo si dogo. Sehemu za alumini hulazimika kuvikwa kinga ya moto. Hata hivyo Gabriela Silang ya Ufilipino, iliyojengwa Les Sables-d'Olonne nchini Ufaransa, ina urefu wa karibu mita 84 na ni ya alumini.

Nyingine huchanganya: kiwiliwili cha chuma chini, vyumba vya alumini juu ili uzito usikae juu mno. Hapo panazuka tatizo. Chuma na alumini havichomelewi pamoja kwa njia ya kawaida, na vikigusana penye maji ya chumvi alumini huliwa haraka. Dawa yake ni ukanda maalumu ambao upande mmoja ni chuma na wa pili ni alumini, vikiwa vimegandamanishwa kwa nguvu ya mlipuko kiwandani. Ukanda huo hukaa katikati: fundi anachomelea chuma kwa chuma chini, alumini kwa alumini juu. Ukipita kwenye sitaha ukaona mstari mwembamba chini ya ukuta wa vyumba, huenda ndio huo.

Meli ikishashushwa majini, imekamilika?

Bado kabisa. Kushua meli ni kuithibitisha kuwa inaelea. Huteremshwa kwenye chelezo, au gudi, lile bwawa kavu la kujengea meli, hujazwa maji mpaka meli ielee. Baada ya hapo hufungwa gatini kwa miezi kadhaa ikitiwa nyaya, rada, majiko, vitanda, pampu na maelfu ya vitu vingine. Bertholf ilishushwa majini Septemba 2006 huko Pascagoula, Mississippi, na ikaanza kazi rasmi tarehe 4 Agosti 2008. Tarehe hiyo ilikusudiwa: ndiyo siku ambayo mwaka 1790 serikali ya Marekani iliidhinisha mashua 10 za kukusanya ushuru, asili ya walinzi wa pwani wa nchi hiyo.

Wanajuaje kwamba haitapinduka?

Kuna kipimo kimoja cha kimyakimya ambacho wageni hawaalikwi kukitazama, na mimi nakiona ndicho kizuri kuliko vyote. Huchaguliwa siku tulivu, pengine alfajiri kabla upepo haujaamka. Kamba za gatini hulegezwa ili meli ielee huru. Wasiohitajika huteremka. Matangi hukaguliwa yawe yamejaa kabisa au matupu kabisa, maana maji yanayochezacheza ndani ya tangi lililojaa nusu hudanganya kipimo, na baharini ndiyo yanayopindua vyombo.

Kisha mawe ya chuma yenye uzito unaojulikana husogezwa sitahani kutoka ubavu wa kushoto hadi wa kulia. Ndani ya meli kunaning'inia timazi ndefu, na jiwe lake limezamishwa kwenye ndoo ya mafuta ili lisiyumbeyumbe. Meli huinama kidogo sana, mtu aliyesimama hahisi kitu, lakini uzi wa timazi husogea sentimita kadhaa juu ya ubao, na mtu mwenye penseli huweka alama. Mawe husogezwa tena, alama huwekwa tena. Kutokana na alama hizo mhandisi hukokotoa kitovu cha uzito wa meli kiko juu kiasi gani kutoka mkukuni. Namba hiyo ndiyo itakayomwambia nahodha, miaka 30 baadaye, kama anaweza kupakia waokolewa 300 juu ya sitaha bila kuhatarisha meli.

Na majaribio ya baharini?

Kwanza injini huwashwa meli ikiwa imefungwa gatini. Baadaye hutoka na mafundi wa karakana, si na mabaharia wake. Hukimbizwa kwa kasi yote kwa saa kadhaa. Huamriwa kusimama ghafla kutoka kasi hiyo, na umbali inaoteleza hupimwa. Usukani hugeuzwa kutoka upande hadi upande, nanga hudondoshwa kwenye kina kirefu na kuvutwa, umeme huzimwa makusudi ili ionekane kama jenereta ya dharura itaamka yenyewe. Kila kasoro huandikwa. Orodha ya meli ya kwanza ya daraja lake huwa ndefu. Ya tatu na ya nne huwa fupi zaidi, na hii ni sababu mojawapo ya nchi kununua meli kadhaa za aina moja.

Ujenzi huchukua muda gani?

Meli kubwa huchukua miaka 3 hadi 5 tangu mkataba. Lakini mipango ni ya binadamu. Iceland iliagiza meli yake Þór, ya mita 93.8, katika karakana ya Talcahuano nchini Chile. Ilishushwa majini Aprili 2009. Tarehe 27 Februari 2010 tetemeko kubwa likaipiga Chile na tsunami ikaingia karakanani, na makabidhiano yakasogea mpaka Septemba 2011. Ndipo ikasafiri kutoka Chile hadi Reykjavik, safari iliyokuwa pia mtihani wake wa kwanza mrefu.

Na si lazima meli yote ijengwe sehemu moja. Viwiliwili vya Jan Mayen na dada zake vilijengwa Tulcea, Romania, kisha vikakokotwa hadi Norway kukamilishiwa.

Imewahi kutokea ujenzi ukaharibika kabisa?

Ndiyo, na kisa chake kinafaa kujulikana na kila anayenunua meli. Marekani ilikuwa na boti za doria za futi 110 zilizozeeka. Ikaamuliwa zirefushwe hadi futi 123, ili nyuma ipatikane nafasi ya mteremko wa kushushia boti ndogo. Wazo la boti lilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba chombo kilichokokotolewa kwa urefu mmoja hakiongezwi urefu hivihivi. Wimbi likiinua omo na tezi kwa pamoja, katikati hubaki ikining'inia; likiinua katikati, ncha mbili huning'inia. Kadiri chombo kinavyorefuka ndivyo nguvu hiyo ya kukivunja kiunoni inavyokua. Mwaka 2004 mabamba ya boti ya kwanza yalijikunja baharini. Viraka havikusaidia, na Novemba 2006 boti zote 8 zilizokwisha kurefushwa zikaondolewa kazini.

Inakwenda kasi gani? Kwa nini isikimbie noti 40 kama boti za magendo?

Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani mita 1,852. Meli nyingi za doria hufikia noti 20 hadi 28. Kuongeza kasi ni ghali kuliko watu wanavyofikiri: ukitaka mara mbili ya kasi uliyo nayo, unahitaji takriban mara 8 ya nguvu ya injini. Meli ya mita 100 ya noti 40 ingejaa injini na mafuta, isibaki nafasi ya waokolewa wala chakula cha mwezi.

Kwa hiyo kasi hugawanywa. Meli yenyewe huzunguka polepole, noti 8 au 12, ikibana mafuta. Baadhi ya mpya huendeshwa na mota za umeme katika mwendo huo na kuzima injini kubwa. Penye haja, injini zote huwashwa. Bertholf ina dizeli mbili na turbini moja ya gesi inayoingizwa pale tu inapotakiwa kasi ya juu. Na kasi ya noti 40 huachiwa boti ndogo. Kinachobaki juu ya hapo ni cha helikopta.

Hiyo boti ndogo hushushwaje usiku kwenye mawimbi?

Hapa ndipo meli nzuri na mbaya hutengana.

Njia ya kwanza ni kreni ya ubavuni. Nahodha huigeuza meli ili mwili wake uzuie upepo na mawimbi, na upande uliokingwa, ule wa demani, maji hutulia kidogo. Boti huteremshwa na watu wakiwa ndani, helmeti zimefungwa, injini inaunguruma tayari. Kamba ndefu kutoka omo ya meli imefungwa kwenye omo ya boti ili ikigusa maji ikokotwe sambamba na meli, isigeuke. Serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani, aliye juu anatazama mawimbi, wala hatazami boti. Anahesabu. Mawimbi huja kwa makundi, makubwa kadhaa kisha utulivu mfupi, na ndoano lazima iachiwe wimbi linapoinua boti, kamba ikiwa imelegea. Akichelewa nusu sekunde, maji hushuka na boti hubaki ikining'inia hewani kisha kuanguka kwa kishindo.

Njia ya pili ni mteremko wa nyuma. Tezi ina lango. Likifunguliwa, boti huteleza kinyumenyume hadi majini meli ikiwa bado inatembea. Kushuka huchukua sekunde chache. Kurudi ndiko kugumu: mwendesha boti hujipanga nyuma ya meli, kwenye maji yanayochemka kwa rafadha, yaani panga za injini, huongeza kasi kuliko meli na kupanda mteremko kwa mkupuo mmoja, mpaka kamba imnase. Faida yake ni kwamba watu wachache wanahitajika sitahani. Hasara ni kwamba tezi ya meli hupanda na kushuka sana mawimbi yanapokuja kwa mbele, na lango hilo huweza kuwa juu ya kichwa cha mwendesha boti sekunde moja na chini ya maji sekunde inayofuata.

Meli nyingi mpya zina njia zote mbili. Ningekuwa naagiza meli na fedha zikanipungukia, ningepunguza mzinga kabla ya kupunguza kimojawapo cha hivi.

Watazamaji wengi waliona umuhimu wa boti hizi mwaka 2019, picha za meli ya Marekani, Munro, zilipotolewa: mlinzi wa pwani anaruka kutoka boti ndogo hadi juu ya chombo cha magendo kinachokwenda nusu kikiwa chini ya maji, katika Pasifiki ya mashariki, na kugonga mfuniko mpaka ukafunguliwa. Meli yenyewe, yenye mita 127, haionekani kwenye picha.

Silaha?

Zipo, kwa kawaida mzinga mmoja wa milimita 20 hadi 76 na bunduki kubwa chache. Nyingi humaliza miaka bila kufyatuliwa ila mazoezini. Pampu za maji hutumika mara nyingi zaidi. Meli iliyotimiza daraja la kwanza la kimataifa la kuzima moto lazima isukume lita milioni 2 na laki 4 kwa saa kupitia mizinga miwili ya maji, na kuyarusha umbali wa mita 120.

Mabaharia ni wangapi, na wanaishije?

Þór huendeshwa na watu 18 hivi. Bertholf huwa na zaidi ya 100. Tofauti hiyo inatokana na mitambo inayojiendesha na idadi ya kazi ambazo meli inatakiwa kuzifanya kwa wakati mmoja: ukitaka kuwa na helikopta angani, boti mbili majini na timu iliyopanda chombo cha watu, huwezi kuwa na 18.

Zamu iliyozoeleka ni saa 4 kazini na 8 nje, lakini hizo 8 si za kulala zote. Ndani yake kuna usafi, matengenezo, na mazoezi ya moto, ya maji kuingia na ya mtu kuanguka baharini. Maji ya kunywa hutengenezwa melini kwa kuyasukuma maji ya bahari kupitia chujio linalozuia chumvi. Meli mpya zina mapezi chini ya maji yanayopunguza kwenda mrama, na kwa kuwa mapezi hayo huhitaji mwendo ili yafanye kazi, meli iliyosimama kungoja huyumba kuliko inayotembea. Kungoja ndiyo kazi kubwa, kwa hiyo baadhi ya wasanifu huongeza matangi maalumu ambayo maji yake husogea kinyume cha kuyumba.

Wito wa hatari ukiingia, kinatokea nini?

Unaweza kuingia kwa redio, chaneli 16 ya VHF, au kwa kifaa kidogo cha kuelea kinachotuma ishara ya megahezi 406 hadi kwenye setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji. Kituo cha nchi kavu hukadiria mahali, kisha hukokotoa upepo na mkondo vimewasukuma watu wapi tangu wakati huo. Mtu mwenye jaketi la kujiokolea husukumwa na mkondo. Boti tupu isiyo na injini hushika upepo na kwenda njia nyingine kabisa. Watu wa chombo kimoja wanaweza kutafutwa sehemu mbili tofauti.

Rada haisaidii kama watu wanavyodhani. Mbao na nyuzi za kioo hurudisha mwangwi hafifu, na katikati ya mawimbi mashua ya mita 6 hupotea kabisa kwenye kioo. Kamera za joto husaidia usiku. Mchana, bado wanasimama watu wawili au watatu juu ya chumba cha usukani wakiwa na darubini, wakigawana bahari vipande. Ukiwa chomboni, kitambaa cha rangi ya chungwa kilichotandazwa na kioo cha kumulikia jua vitakufaa kuliko kelele.

Meli inaruhusiwa kumfukuza mhalifu mpaka wapi?

Mpaka anapoingia kwenye ukanda wa bahari wa maili 12 kutoka pwani ya nchi yake au ya nchi nyingine, mradi kufukuza kulianza ndani ya maji yanayohusika na hakukukatika. Kwa uvuvi, maji hayo ni ukanda wa kiuchumi wa maili 200. Neno la kushika ni "hakukukatika." Agosti 2003 meli ya doria ya Australia, Southern Supporter, iliikimbiza meli ya uvuvi Viarsa 1, iliyokuwa na bendera ya Uruguay, kwa siku 21 na karibu maili za bahari 3,900, kupitia barafu na dhoruba za Bahari ya Kusini mpaka Atlantiki, ambako meli kutoka Afrika Kusini na Visiwa vya Falkland zilifika kusaidia. Hakuna kasi iliyoshinda hapo. Walioshinda ni wapishi, matangi ya mafuta na mafundi wa injini.

Kesi ilipofika mahakamani Perth, mabaharia wa Viarsa waliachiwa huru mwaka 2005. Kumkamata mtu baharini ni nusu ya kazi. Ndiyo sababu meli za sasa hurekodi kila kitu, mahali, saa, picha na sauti, na zina chumba cha kufungia vielelezo.

Inaweza kuvuta meli kubwa?

Ile iliyojengwa kwa kazi hiyo, ndiyo. Þór ina nguvu ya kuvuta ya tani 120, sawa na matagi makubwa. Ila hata nguvu ndogo hufaa ikiwa mabaharia ni hodari. Mwanzoni mwa Januari 2015 meli ya mizigo Ezadeen iliachwa na mabaharia wake katika Mediterania, ikiwa na wakimbizi takriban 360 ndani. Iliyofika ni Týr ya Iceland, chombo cha mwaka 1975 kilichokuwa doriani kwa ajili ya Ulaya. Waicelandi wachache walipanda, wakafunga kamba, wakaivuta hadi Corigliano, kusini mwa Italia.

Matengenezo hufanyika kila baada ya muda gani?

Kila siku, kwa brashi na rangi. Halafu kila baada ya miaka michache meli hupandishwa gudini: hukwanguliwa viumbe walioganda, hupakwa rangi mpya, na vipande vya zinki vilivyofungwa chini hubadilishwa. Zinki hiyo huwekwa iliwe na chumvi badala ya meli yenyewe, na ikitoka imemong'onyoka kama sabuni iliyotumika, imefanya kazi yake.

Huishi miaka mingapi, na baadaye huenda wapi?

Hupangiwa 25 hadi 40, na mara nyingi huvuka. Meli za Marekani za daraja la Hamilton, zilizoanza kazi mwaka 1967, zilipostaafu ziligawiwa nchi nyingine. Hamilton yenyewe ikawa Gregorio del Pilar ya Ufilipino mwaka 2011; Chase ikawa Thunder ya Nigeria; Jarvis ikaenda Bangladesh na Morgenthau Vietnam, zote zikianza upya na mabaharia wapya, jina jipya na rangi nyingine ubavuni. Nyingine huyeyushwa kuwa chuma cha kawaida. Na chache huzamishwa makusudi ziwe nyumba za samaki. Duane na Bibb, zilizokuwa zimefanya kazi tangu miaka ya 1930, zilizamishwa karibu na Key Largo, Florida, mwezi Novemba 1987. Bibb ililala ubavu. Duane ilitua wima juu ya mkuku wake, na mpaka leo wapiga mbizi huteremka hadi kwenye chumba cha usukani.